UZI: Kiingereza cha barabarani kinavyowaponza madereva ugenini (maneno, maana zake na sheria zinazoambatana nayo)

Usukani_Kulia

Wakuu, habari za muda huu.

Kila tukizungumzia kuendesha gari nje, mjadala huishia kwenye leseni ya kimataifa na upande wa barabara. Hayo mtu anayasoma nusu saa akayamaliza. Kinachowaponza wengi ni kwamba Kiingereza cha barabarani hakifanani nchi na nchi. Mwingereza akifika Afrika Kusini anababaika, Mmarekani akifika Australia anababaika, sembuse sisi tuliokisomea darasani. Na barabarani huna nafasi ya kuuliza: abiria akitamka neno au kibao kikijitokeza, una sekunde mbili tatu za kutenda.

Naanza na uendeshaji wa fujo, maana hapo neno moja hubeba faini na hata kifungo.

Australia, neno ni "hoon". Ni dereva wa fujo: anachoma tairi, anazungusha gari katikati ya makutano, anashindana resi mitaani. Kitendo chenyewe huitwa "hooning". Ni neno la mtaani, lakini polisi na serikali za majimbo hulitumia waziwazi. Katika jimbo la Victoria sheria ya kuwabana madereva hao ilianza Julai 2006, na gari lilikuwa likishikiliwa na polisi saa 48. Tangu Julai 2011 ni siku 30. Wageni wengi hudhani sheria hii ni ya vijana wanaochoma tairi tu. Sivyo. Ukizidisha mwendo kwa kilomita 45 kwa saa juu ya kikomo, au ukifika 145 kwenye barabara ya 110, nawe ni "hoon" mbele ya sheria, hata kama barabara ilikuwa tupu na umenyooka kama rula.

Marekani, neno ni "reckless driving", na kila jimbo lina tafsiri yake. Kali inayojulikana sana ni ya Virginia. Pale, kuzidi kikomo kwa maili 20 kwa saa au zaidi, au kupita maili 85 kwa saa (kama kilomita 137) popote pale, tayari ni "reckless". Kabla ya Julai 2020 ilikuwa maili 80. Piga hesabu: barabara ina kikomo cha maili 70, wewe uko 86. Umezidi 16 tu, lakini umeshaingia kwenye kosa la jinai, ambalo adhabu yake ni hadi miezi 12 jela na faini hadi dola 2,500. Hiyo si tiketi ya kulipia mtandaoni ukaendelea na safari, ni kesi ya mahakamani.

Uingereza, kosa la "reckless driving" lilifutwa kwa sheria ya mwaka 1991, na mahali pake pakawekwa "dangerous driving". Chini yake kuna "careless driving". Tofauti ni kiwango: "careless" ni kuendesha chini ya kiwango cha dereva makini, "dangerous" ni kuwa chini MNO ya kiwango hicho. Ukisababisha kifo kwa "dangerous driving", tangu Juni 2022 adhabu ya juu ni kifungo cha maisha. Zamani ilikuwa miaka 14.

India wao husema "rash driving". Msiifananishe na upele wa ngozi, ni kosa kamili lililokuwa kifungu cha 279 cha sheria ya zamani ya adhabu. Tangu Julai 2024 limehamia kifungu cha 281 cha sheria mpya.

Karibuni mwongeze.

Binti_Changarawe

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi neno ninaloliogopa kuliko yote ni "pavement".

Uingereza, "pavement" ni njia ya waenda kwa miguu pembeni ya barabara. Marekani, "pavement" ni ile lami yenyewe ambayo magari hupita. Sasa chukua mtu aliyezoea Kiingereza cha Uingereza, yuko vijijini Marekani, anakuta kibao cha njano kimeandikwa PAVEMENT ENDS. Anaelewa kwamba njia ya watembea kwa miguu imeishia hapo, na kwa kuwa hamwoni mtembea kwa miguu yeyote, anaendelea na mwendo wake uleule. Kumbe kibao kinamwambia lami inaisha mbele na anaingia changarawe.

Nyuzilandi nako kuna "metal road". Si chuma. Ni barabara ya kokoto zilizopondwa. Mwenyeji akikuelekeza "then it turns to metal", maana yake jiandae kwa changarawe, na mara nyingi ni nyembamba na ina kona. Kwenye mikataba ya kukodi gari hutakuta "metal", utakuta "unsealed", yaani barabara isiyo na lami. Soma kipengele hicho kabla hujasaini, kwa sababu kampuni nyingi hukataza kabisa au huondoa bima ukipita huko.

Jinsi ya kuingia changarawe, kwa kuwa watu wengi hukosea hapa:

Punguza mwendo ungali kwenye lami. Ukianza kufunga breki baada ya kuingia umeshachelewa, kwa sababu kokoto hubingirika chini ya tairi na tairi halina kitu cha kushika. Kamata alama za matairi ya waliotangulia, maana pale kokoto zimeshasukumwa pembeni na chini ni pagumu. Breki zimalizike kabla ya kona, ndani ya kona shika usukani kwa utulivu na mguu uwe mwepesi. Gari la mbele liachie nafasi kubwa: vumbi linakunyima kuona na mawe yanakula kioo.

Na msitegemee ABS (mfumo wa breki unaozuia magurudumu kukwama) iwaokoe. Kwenye kokoto zilizolegea ABS hurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu haiachi gurudumu likwame na kujirundikia kokoto mbele yake.

Mzee_wa_Kona

Nakazia. Naongeza Afrika Kusini.

"Robot" ni taa za kuongozea magari. Ukiambiwa "turn left at the third robot", hesabu makutano yenye TAA peke yake. Kipita shoto (wao huita "circle") usikihesabu. Kibao cha kusimama (wao huita "stop street") usikihesabu. Wageni wengi hupotea hapo kwa kuhesabu kila makutano. Ukisikia "the robots are out", taa zimezima. Hapo sheria ni kila upande kuchukulia makutano kama yana kibao cha kusimama: simama kabisa, aliyefika kwanza ndiye anayeondoka kwanza. Anayejipenyeza nyuma ya gari la mbele bila kusimama ndiye huleta ajali pale, kwa sababu wa upande wa pili ameshahesabu zamu yake na ameshakanyaga mafuta.

Jamaika, "robot" ni teksi isiyo na kibali. Neno lilelile! Mtu akikwambia "take a robot", anakushauri kupanda gari lisilosajiliwa kubeba abiria, na bima yake kwa abiria ni ya mashaka. Omba teksi yenye namba nyekundu za leseni.

"Bakkie" ni pikapu. "Just now" si sasa hivi, ni baadaye isiyojulikana. "Now now" ndiyo karibu zaidi. Dereva wa kukuvuta barabarani akisema "I'm coming just now", washa taa za tahadhari, weka pembetatu, toka ndani ya gari na usogee mbali na barabara. Usikae kwenye kiti ukimsubiri.

Kuna jambo la mstari wa njano. Kwenye barabara za njia moja kwenda na moja kurudi, gari la polepole husogea kushoto, likapita juu ya mstari wa njano kwenye bega la barabara, ili la nyuma lipite. Aliyepita hushukuru kwa kuwasha hazadi (zile taa za tahadhari) mara mbili tatu. Ni desturi nzuri, ila sheria yao ina masharti: iwe mchana, kati ya jua kuchomoza na kuzama, uwe unapitwa, uweze kuona watu na magari waziwazi kwa angalau mita 150, na usimhatarishe mtu. Wageni huiga nusu tu, wanasogea usiku au kwenye mwinuko. Kwenye bega hilo kuna watembea kwa miguu, kuna magari yaliyoharibika bila taa, na kuna mahali bega linaishia ghafla kwenye daraja. Aliye nyuma akikumulika kwa pupa, hulazimiki kusogea kama huoni mbele.

Kizibo_Cha_Mafuta

Kwa hiyo hazadi ni "asante". Ina maana hata Uingereza nikifanya hivyo wataelewa?

Fundi_Ekseli

Wataelewa, madereva wengi wa Uingereza hufanya hivyo pia. Lakini kitabu chao cha kanuni za barabarani kinasema hazadi zisitumike gari likiwa linatembea, isipokuwa kwenye barabara kuu za mwendokasi kuwaonya walio nyuma kwamba kuna hatari mbele.

Kubwa zaidi ni kumulika taa kubwa. Kitabu hichohicho kinasema kumulika kuna maana moja tu: "nipo hapa". Mtaani, kumulika kumekuwa "pita wewe". Kuna matapeli wanaotumia pengo hilo, mchezo unaitwa "flash for cash". Uko kwenye barabara ndogo unasubiri kuingia kubwa, gari linalokuja linakumulika, unaelewa umepewa nafasi, unaingia, linakugonga kwa makusudi. Baadaye dereva anakana kumulika, na kisheria wewe ndiye uliyeingia mbele ya mwenye haki. Kinga ni kutotoka kwa sababu ya taa. Toka kwa sababu umeona gari limesimama au limepunguza mwendo kweli. Kamera ya kwenye dashibodi husaidia. Ukigongwa, piga picha ya magari yalivyokaa na uhesabu abiria waliomo, kwa sababu kwenye madai ya bima huja kuongezeka.

Neno jingine la kule ni "undertaking". Anayezika watu ni "undertaker", lakini barabarani "undertaking" ni kulipita gari kwa upande wa ndani, yaani kushoto kwa Uingereza. Ni ndugu yake kutanua na kuchomekea. Halina kifungu chake lenyewe, ila polisi huliweka chini ya "careless" au hata "dangerous" kulingana na ulivyofanya. Foleni ikitembea taratibu na mstari wako ukaenda haraka kuliko wa kulia, hilo ni sawa. Kuhama mstari kwenda kushoto ili upite halafu urudi kulia, ndilo kosa.

Linaendana na "middle lane hogging", kung'ang'ania mstari wa kati wakati kushoto ni kweupe. Tangu Agosti 2013 polisi wanaweza kukupa papo hapo faini ya pauni 100 na pointi 3 kwa hilo, na vilevile kwa "tailgating", yaani kumganda mtu nyuma. Kwa maili 70 kwa saa, umbali wa kusimama kwa kitabu chao ni mita 96. Anayekaa mita 10 nyuma ya mwenzake kwa mwendo huo hana breki itakayomfaa.

Kizibo_Cha_Mafuta

Asante fundi. Marekani nimesikia "tailgating" ni sherehe?

Fundi_Ekseli

Yote mawili. Ni kumganda mtu nyuma, na pia ni kula na kunywa nyuma ya gari kwenye maegesho kabla ya mechi. Muktadha utakwambia.

Usukani_Kulia

Marekani ngoja niieleze kwa marefu, maana desturi zina majina ya miji na wageni huzikuta bila onyo.

"California stop", wengine husema "California roll": kufika kwenye kibao cha STOP ukapunguza tu, magurudumu hayasimami, ukapita. Ni kosa, tena polisi huliotea. Wanachotazama ni gurudumu: likiendelea kuzunguka hata polepole, hukusimama. Simama nyuma ya mstari mweupe, gari litulie kabisa, tazama, ondoka. Hata kukata kulia kwenye taa nyekundu, ambako kunaruhusiwa sehemu nyingi, huanza na kusimama kabisa. Jiji la New York ni kinyume: kulia kwenye nyekundu hairuhusiwi ila pale kibao kinaporuhusu.

"Pittsburgh left": taa ikiwaka kijani, gari la kwanza linalokata kushoto hupita haraka mbele ya wale wanaokuja usoni, nao humwachia. Hiyo ni hisani ya mji, sheria haiitambui. Mgeni hupata shida pande zote mbili. Ukiwa unakwenda moja kwa moja, kijani ikiwaka usirukie, tazama kwanza kama wa mbele anakata. Ukiwa unayekata, usifanye, maana asiyejua desturi hiyo atakuja mzima mzima ubavuni.

"Jughandle" ni ya New Jersey. Unataka kwenda kushoto, lakini unatokea KULIA, unazunguka kwenye kijibarabara halafu unavuka. Kibao huandikwa "All turns from right lane". Asiyejua hukaa mstari wa kushoto, akigundua anakata mistari mitatu kwa mkupuo, na hapo sasa ndiyo "reckless" yenyewe.

"Rotary" ni kipita shoto kwa watu wa Massachusetts. Aliyemo ndani ana haki. Mzunguko ni kinyume na saa, kwa hiyo unamtazama anayetokea kushoto kwako. Waliozoea kuendesha kushoto hutazama kulia kwa mazoea, na hiyo ndiyo ajali ya kawaida.

Na basi la shule la njano: taa nyekundu zikimweka na kile kibao cha pembeni kikafunguka, pande ZOTE MBILI husimama, isipokuwa sehemu nyingi pale barabara inapogawanywa na kingo katikati. Taa za rangi ya chungwa zikianza kumweka ni onyo kwamba linasimama. Huo si muda wa kuliwahi.

Mama_Indiketa

Nigeria msiisahau, Kiingereza chao cha barabarani ni kipana mno.

Polisi akisema "your particulars", hataki maelezo yako binafsi. Anataka nyaraka za gari. Ziweke pamoja kwenye bahasha moja, uzitoe bila kupekua gari zima. "Trafficator" ni indiketa, na kitenzi chake ni "trafficate". "C-caution" ni pembetatu ya tahadhari. "Go-slow" ni foleni, si amri ya kupunguza mwendo. "He is driving one-way" kwa mwingine ni kusifia kwamba mtu amefuata njia yake. Kule mara nyingi maana yake anakuja KINYUME na njia. Abiria akipaza sauti "one-way!", punguza, shika upande wako, usihamie mstari mwingine bila kutazama vioo.

"One chance" ni gari la abiria la wezi. Ukisikia mtu anasema gari fulani ni "one chance", usipande.

India: "stepney" ni tairi la akiba, "dickey" ni buti, "challan" ni karatasi ya faini. "Use dipper at night" nyuma ya malori maana yake badilisha taa kutoka kubwa kwenda ndogo unapokaribia, usimpofushe dereva kwenye vioo vyake.

Njia_Nyeupe

Wadau, kwa heshima zote, siku hizi ramani ya simu inaongea yenyewe. Haya maneno ni ya kufurahisha tu.

Binti_Changarawe

Ndugu yangu, simu haisomi vibao vyote, wala haimtafsirii polisi wala abiria. Nakupa neno moja tu: "ramp". Marekani "ramp" ni njia ya kuingilia au kutokea barabara kuu, na unapoingia unatakiwa KUONGEZA mwendo ulingane na walio ndani. Ayalandi "ramp" ni tuta. Kibao kikisema RAMPS, unatakiwa KUPUNGUZA. Mmarekani akikanyaga mafuta pale anaharibu shokapu na sampu ya oili. Aliyezoea ramps za Ayalandi akiingia barabara kuu ya Marekani kwa maili 30, lori la nyuma halitamkwepa.

Na kule Ayalandi ukihitaji msaada wa usafiri omba "lift". Usiombe "ride", ni neno la chumbani.

Njia_Nyeupe

Hapo kwenye "ramp" nimekuelewa, dada. Naomba basi Australia kidogo, nasikia Melbourne unakata kulia ukitokea kushoto?

Mzee_wa_Kona

Ndiyo, ni "hook turn". Ipo katikati ya jiji kwa ajili ya tramu, ili anayesubiri kukata kulia asizibe reli. Kibao chake ni "Right turn from left only". Kaa mstari wa kushoto kabisa, washa indiketa ya kulia. Kijani ikiwaka ingia makutano, nenda mbele ukiwa umebana kushoto, hadi ufike upande wa mbali wa barabara unayotaka kuingia. Simama hapo, usikanyage kivuko cha waenda kwa miguu. Taa ya barabara unayoingia ikigeuka kijani, kata kulia. Wanaokosea husimama mapema mno, katikati ya reli, au husogea mno hadi wakaziba kivuko.

Tramu ikisimama kushusha abiria kwenye barabara ya kawaida, nawe simama usawa wa nyuma yake. Milango ikifungwa na hakuna anayevuka, pita kwa mwendo usiozidi kilomita 10 kwa saa.

Kizibo_Cha_Mafuta

Na "chuck a U-ey"? Mwenyeji akiniambia hivyo kwenye taa nigeuze?

Mzee_wa_Kona

Ni kugeuza gari kurudi ulikotoka. Boston husema "bang a U-ey". Kugeuza kwenye taa inategemea jimbo. Victoria unaruhusiwa isipokuwa kuna kibao cha kukataza. New South Wales hairuhusiwi isipokuwa kuna kibao kinachoruhusu. Albury na Wodonga ni miji pacha iliyotenganishwa na mto Murray, mmoja uko New South Wales na mwingine Victoria. Ukiwa Wodonga na hakuna kibao, geuza, huku ukiwapisha wanaokuja na wanaovuka. Ukishavuka mto ukawa Albury, neno lilelile kutoka kwa abiria yuleyule ni kosa, endelea mbele utafute pa kugeuzia pasipo na taa.